Nusu ya gazeti ilikuja kwa treni

Ukurasa wa kwanza una shairi la mama aliyefiwa na mtoto. Wa pili una ndama mwenye vichwa viwili, aliyezaliwa mahali fulani mbali na msomaji. Chini ya ndama kuna maelekezo ya kutoa doa la wino kwenye kitambaa cha meza, na chini ya doa, bila hata mstari wa kutenganisha, kuna kisa cha mchungaji aliyelala kitandani miezi minane, madaktari wameshamkatia tamaa, mpaka jirani alipomletea chupa. Unasoma haraka haraka ujue kama alipona. Alipona. Chupa inapatikana kwa dola moja kwenye kila duka la dawa.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa gazeti la mji mdogo wa Marekani katika miaka ya 1880: mji wenye makanisa mawili, stesheni moja na mhariri mwenye madeni. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani mtandaoni, bure, na ukizama humo unaweza kushtukia kumekucha. Mwanzoni unacheka tu. Baadaye unagundua jambo la ajabu kuliko ndama mwenyewe. Unafungua gazeti la Kansas, ndama yumo. Unafungua la Wisconsin, yumo. La Nebraska, yumo tena, safu ileile, herufi zilezile. Na mchungaji anapona miji yote, wiki moja.

Wengi wanaoyasimulia magazeti haya huyachukua kama kioo cha mji: tazameni watu wa hapa walivyokuwa wepesi wa kuamini. Nadhani wamebisha hodi nyumba siyo. Sehemu kubwa ya vioja hivyo haikuandikwa mjini wala haikupangwa mjini, na huenda mhariri mwenyewe aliisoma siku ileile waliyoisoma wateja wake. Ilishuka stesheni pamoja na magunia ya unga.

Karatasi iliyochapwa upande mmoja

Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ansel Nash Kellogg alikuwa akitoa gazeti dogo katika mji wa Baraboo, Wisconsin. Mpiga chapa wake akaenda jeshini. Kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na Kellogg peke yake asingeweza kujaza kurasa nne kila wiki. Akaomba msaada kwa gazeti kubwa la Madison, makao makuu ya jimbo: wamchapie upande mmoja wa karatasi habari za vita ambazo tayari walikuwa wamezipanga, wamtumie, naye ajaze upande wa pili kwa mambo ya Baraboo. Karatasi moja kubwa ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne. Mbili zilitoka Madison, mbili zikawa zake.

Lilikuwa jambo la kujikwamua, lakini likazaa biashara. Wahariri wa miji jirani walitaka karatasi kama hizo. Vita vilipokwisha mwaka 1865 Kellogg akahamia Chicago na kufungua kampuni ya kuchapa nusu magazeti kwa ajili ya watu wasiojuana. Wengine wakamfuata, na mkubwa kuliko wote akaja kuwa Western Newspaper Union, ambayo iliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1952.

Siri ilikuwa katika bei. Mhariri aliuziwa karatasi iliyochapwa tayari kwa bei iliyozidi kidogo tu ile ya karatasi tupu. Gharama iliyobaki ililipwa na matangazo ambayo kampuni ya Chicago ilikuwa imekwisha kuyaweka katika upande wake, na mhariri hakuwa na sauti juu yake. Kama tangazo la dawa ya kansa halikumpendeza, angefanya nini? Kulikata angekata pia habari zake mwenyewe zilizo nyuma ya karatasi.

Baadaye kampuni hizo zikaanza kuuza pia mabamba ya risasi yenye safu nzima zilizokwisha kupangwa: hadithi, mapishi, ushauri wa kilimo, maajabu. Mhariri alinunua kwa urefu, kama mtu anayenunua kitambaa, na bamba likizidi nafasi alilikata kwa msumeno. Ndiyo maana mara nyingine unakuta kisa cha mamba kinaisha kabla mamba hajafa.

Hata kabla ya Kellogg habari zilisafiri. Sheria ya posta ya mwaka 1792 iliwaruhusu wahariri kutumiana magazeti yao bure, na ruhusa hiyo ilidumu hadi mwaka 1873. Kila ofisi ya gazeti ilikuwa na mkasi, gundi na lundo la magazeti ya wenzao. Ndama alikatwa Ohio, akabandikwa Missouri, na huko akakatwa tena. Kila alipohama alipoteza kidogo, kwanza jina la mkulima, kisha tarehe, mwishowe hata kijiji. Karatasi za Chicago zilichokiongeza ni kasi.

Kurasa hizo zilizochapwa kabla ziliitwa kwa mzaha “matumbo ya hataza”, kwa sababu mara nyingi ndizo zilizokaa ndani ya gazeti. Jina lilifananishwa na dawa za hataza zilizotangazwa humo, na hapo kuna fundo linalohitaji kufunguliwa.

Hataza isiyokuwepo

Hataza ni makubaliano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza hadharani kifaa au mchanganyiko wake unavyotengenezwa, na serikali inampa haki ya kuumiliki peke yake kwa miaka kadhaa, kisha kila mtu anaruhusiwa kuuiga. Sasa fikiria mtu anayeuza maji, pombe na sukari iliyoungua kwa dola moja chupa. Kueleza hadharani ndilo jambo la mwisho analolitaka. Kwa hiyo karibu dawa zote zilizoitwa “za hataza” hazikuwa na hataza. Jina lilitoka Uingereza ya zamani, ambako mfalme aliwapa watengenezaji fulani barua ya fadhila, na likabaki kwa sababu lilisikika vizuri. Kilichosajiliwa kilikuwa jina, umbo la chupa, sahihi ya daktari na uso wa bibi kwenye karatasi. Nembo ya biashara haina haja ya kutaja kilichomo, tena haifi kwa kupita miaka.

Kilichomo kilikuwa nini? Mara nyingi, pombe. Hostetter's Bitters ya Pittsburgh, iliyouzwa kwa wingi kwa askari wa Kaskazini wakati wa vita, ilifikia karibu nusu chupa kileo kitupu. Peruna ya Columbus, Ohio, ilikuwa na asilimia 28 hivi. Katika miji ambayo vyama vya kupinga ulevi vilikuwa vimefunga baa zote, dawa hizi zilikwenda kama maji, na walionunua hawakuwa walevi wa mtaani. Walikuwa mama wa kanisa waliokunywa kijiko asubuhi, kijiko mchana na kijiko usiku, na kweli wakajisikia nafuu. Mwaka 1905 ofisi ya serikali iliyosimamia maeneo ya Wenyeji wa Asili ilipiga marufuku Peruna kuuzwa huko, na watoza ushuru wakaamua kwamba muuzaji lazima akate leseni ya pombe, la sivyo watengenezaji waongeze dawa ndani ya dawa. Wakaongeza.

Mwenye Peruna, Samuel Hartman, alikuwa na nadharia ninayoiheshimu kwa ujasiri wake. Alidai kwamba karibu kila ugonjwa ni mafua sugu yaliyohamia mahali pengine. Nimonia ni mafua ya mapafu, kutosagika kwa chakula ni mafua ya tumbo, maradhi ya figo ni mafua ya figo. Ukishakubali hilo, umekwisha kununua chupa.

Kisa cha Lydia Pinkham hakichekeshi hivyo. Alikuwa mama wa nyumbani wa Lynn, Massachusetts, aliyechemsha mizizi jikoni na kuwapa majirani bure, mpaka mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1873 ulipomfilisi mumewe. Mwaka 1875 wakaanza kuuza. Ndani mlikuwa na mizizi kadhaa ya misitu ya Amerika na mbegu za uwatu, uwatu uleule ambao bibi zetu wa pwani humpa mzazi ili maziwa yashuke. Na asilimia 18 hivi ya pombe, ingawa Lydia mwenyewe aliwaunga mkono wapinga ulevi. Familia ilisema pombe ni ya kuhifadhi tu. Uso wake, wa bibi mpole mwenye ukosi wa lesi, ulichapwa katika magazeti kuanzia mwaka 1879, na matangazo yaliwaalika wanawake wamwandikie siri zao, kwa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeiona barua. Alifariki mwaka 1883. Mwaliko uliendelea. Mwaka 1905 jarida moja la wanawake lilichapa picha ya kaburi lake, tarehe zikisomeka wazi, ili wasomaji waamue wenyewe ni nani aliyekuwa akiwajibu kwa miaka 22.

Kabla hatujawaita wajinga, tuwatazame madaktari wao. Dawa iliyopendwa na wengi wao kwa sehemu kubwa ya karne ile ilikuwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki: ilimfanya mgonjwa aharishe, atokwe na mate, na akiizidisha meno yalilegea. Daktari alikaa mbali, alidai nauli ya farasi, na mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la uzazi aliona haya kumvulia nguo. Chupa ya dola moja haikumwonea mtu aibu. Na dawa nyingine, kwa maana finyu, zilifanya kazi. Afyuni inazuia kikohozi, inafunga kuhara, inaondoa maumivu. Mtu aliyekunywa na kulala usingizi wa kwanza baada ya siku tatu hakuwa mwongo alipoandika barua ya shukrani. Hakuambiwa tu alichokunywa.

Ubaya ulikuwa kwa watoto. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanzia Bangor, Maine, mwaka 1849, iliuzwa kwa watoto wanaoota meno. Kila aunsi ilikuwa na miligramu 65 za mofini. Mtoto alinyamaza, na wako ambao hawakulia tena. Chama cha madaktari wa Marekani kiliiorodhesha mwaka 1911 chini ya kichwa kinachosema waziwazi kwamba ni wauaji wa watoto wachanga. Matangazo yake yalikuwa mazuri kupita yote, mama kijana na vazi jeupe, na yalikaa karibu kabisa na safu ya mapishi ya keki.

Habari iliyokuwa tangazo

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa hizi zilijitembeza kwa vazi la habari. Tangazo lililovaa sura ya habari lilipangwa kwa herufi zilezile za gazeti, likaanza kwa tetemeko, mauaji au mapenzi, na mstari wa mwisho ukataja chupa. Lililipiwa zaidi ya tangazo la kawaida, na sababu inaeleweka. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1912 ya kulazimisha maandishi ya kulipiwa yawekewe alama kwamba ni tangazo. Kabla ya hapo msomaji alijitegemea.

Barua za ushuhuda nazo zilikuwa na soko lake. Nyingi ziliandikwa na watu halisi. Mwandishi Samuel Hopkins Adams, aliyechunguza biashara hii kwa jarida la Collier's, alieleza jinsi barua za wagonjwa, pamoja na majina na maradhi yao, zilivyokusanywa kwa maelfu na madalali na kukodishwa kutoka kampuni hadi kampuni. Mama wa Indiana aliyemwandikia “daktari” mmoja kuhusu ugonjwa wake wa siri aliweza kushangaa mwezi uliofuata anapopokea barua za madaktari wengine sita wanaomjua vizuri.

Lakini kwa nini magazeti hayakusema? Jibu lilichapwa kwa wino mwekundu. Frank Cheney wa Toledo, Ohio, mtengenezaji wa Hall's Catarrh Cure na rais wa chama cha watengenezaji wa dawa hizi, aliweka katika mikataba yake ya matangazo kifungu kinachosema mkataba unavunjika ikiwa jimbo litapitisha sheria yoyote ya kubana dawa za chupa. Wenzake wakakiiga, na maelfu ya wahariri wakatia sahihi. Hawakutishwa na mtu. Walijua tu kwamba muswada ukipita, pesa za uhakika kuliko zote zinakatika. Kwa hiyo muswada ulipoletwa, wao ndio waliokuwa wa kwanza kumwandikia mbunge wao. Mwaka 1905 bunge la Massachusetts lilijadili kulazimisha vilivyomo viandikwe kwenye chupa, na magazeti ya Boston yakakaa kimya kana kwamba siku hiyo bunge halikukutana.

Collier's ililianika jambo hilo mwaka uleule. Mfululizo wa Adams ulianza Oktoba 1905 kwa makadirio kwamba Wamarekani wangetumia mwaka ule dola milioni 75 hivi kwa dawa hizo. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akatia sahihi sheria ya vyakula na dawa safi. Haikupiga marufuku kitu. Ilidai tu kwamba pombe, afyuni, mofini, kokeini na vingine vya jamii hiyo vitajwe kwenye karatasi ya chupa, na kwamba karatasi isiseme uongo. Hilo peke yake lilitosha kuziua baadhi, kwa kuwa mama wa kanisa aliyesoma kiasi cha kileo kwenye chupa yake hakuwa na pa kujificha tena.

Lakini uongo gani? Mwaka 1911 Mahakama Kuu ilishikilia kwamba sheria inakataza uongo kuhusu kilichomo, si uongo kuhusu kinachotibu. Unaweza kuuza maji kama dawa ya kansa mradi uandike maji. Bunge likaziba sehemu ya tundu hilo mwaka 1912, kwa masharti ya kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Ni katika miaka hiyo ndipo Clark Stanley, mwenye “mafuta ya nyoka” maarufu kuliko yote, alipopimiwa bidhaa yake na wakemia wa serikali: mafuta ya madini, mafuta kidogo ya mnyama yaliyodhaniwa ya ng'ombe, pilipili, na labda kafuri na tapentaini. Nyoka hakuonekana. Faini ilikuwa dola 20.

Vitu vya jikoni, na pembe kutoka Zanzibar

Bidhaa za nyumbani hazikuua watu, kwa hiyo wanahistoria huzipita mbio. Binafsi nazipenda kuliko dawa, kwa sababu nyingine bado ziko dukani kwetu.

Chukua vaselini. Mkemia Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kwenye visima vya kwanza vya mafuta, akawaona wafanyakazi wanapaka majeraha kwa utando mzito uliokuwa ukikwama kwenye mitambo. Akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya kweli, yenye namba. Katika maonyesho alijiunguza makusudi kisha akajipaka mbele ya watu. Naye pia alizidisha chumvi, maana alisema anakula kijiko chake kila siku, lakini kitu chenyewe kinafanya ambacho mafuta mazito yanaweza kufanya: kinazuia unyevu usitoke na uchafu usiingie. Bila kudai zaidi ya hapo kingeuzika vilevile.

Au buluu ya kufulia. Mrs. Stewart's Bluing ilianza kuuzwa Minneapolis mwaka 1883, na matangazo yake yalionekana kama uchawi: unatia matone ya rangi ya samawati kwenye maji, nguo zinatoka nyeupe. Si uchawi. Pamba nyeupe ikifuliwa sana inageuka manjano. Samawati kidogo inaimeza manjano na jicho linaona weupe. Yeyote aliyevaa shati la shule lililosuuzwa kwa buluu ana ushahidi, hasa kama aliyefua alizidisha.

Vita vikali vilikuwa vya beking poda. Kampuni ya Royal ilitumia asidi itokanayo na utando mgumu unaobaki ndani ya mapipa ya mvinyo, yenye gharama. Washindani walitumia shabu, rahisi mno. Royal ikajaza magazeti kwa “habari” kwamba shabu ni sumu, nyingi zikiwa zimevaa lile vazi nililolieleza. Mwaka 1899 Missouri ikapiga marufuku shabu katika beking poda. Miaka minne baadaye ikafichuka kwamba maseneta wa jimbo walikuwa wamehongwa, na naibu gavana akajiuzulu. Keki hazikuwa zimemdhuru mtu.

Kuna na uzi unaotufikia sisi moja kwa moja. Matangazo ya piano na vinanda yalijaa katika magazeti haya, na meno meupe ya piano nyingi yalikatwa katika viwanda vya bonde la mto Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton. Jina Ivoryton maana yake ni mji wa pembe. Na pembe ilitoka Zanzibar, ilikofikishwa kwa mabega ya wapagazi na watumwa kutoka bara. Sandarusi yetu ilikwenda Salem, Massachusetts, kuwa vanishi ya samani. Karafuu za Unguja na Pemba, ambazo ndizo zilizolisha sehemu kubwa ya soko la dunia, zilitoa mafuta ya kutuliza jino. Mshindani wake katika matangazo ya mwaka 1885, kutoka Albany, New York, alikuwa matone ya kokeini kwa senti 15, yenye picha ya watoto wakicheza. Karafuu bado iko kabatini kwa daktari wa meno.

Nyama kutoka mbinguni

Tumrudie ndama. Maajabu ya viumbe yalikuwa na kazi ya kiufundi katika gazeti: kuziba matundu. Safu ikipungua mistari sita, kisa cha chura aliyekutwa hai ndani ya jiwe kinatosha kabisa. Hakina tarehe, kwa hiyo hakichachi.

Wengine waliishi kwa kuvibuni. Louis Stone, mwandishi wa gazeti la Winsted, Connecticut, aliuza mwaka 1895 kisa cha mtu-mwitu mwenye manyoya anayezurura porini, na wanahabari wa mijini wakapanda treni kumfuata. Aliendelea kwa miongo: mti unaozaa matofaa yaliyookwa, mtu mwenye kipara aliyejichorea buibui kichwani ili kufukuza nzi. Mji haukumwonea aibu. Ulimpa daraja la kumkumbuka, juu ya kijito ambacho jina lake kwa lugha ya mtaani lina maana ya mtu mwepesi wa kulaghaiwa.

Wengine walichonga. Oktoba 1869, wachimba kisima kwenye shamba moja la Cardiff, New York, waligonga jitu la jiwe la urefu wa mita tatu. Watu walilipa senti 50 kulitazama, wengine wakilia kwamba Maandiko yamethibitishwa. Lilikuwa jasi kutoka Iowa, limechongwa na kuzikwa kwa siri kwa agizo la George Hull, asiyeamini Mungu, aliyekuwa amebishana na mhubiri juu ya majitu ya kitabu cha Mwanzo. P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho ya vioja, alipokataliwa kulinunua, akatengeneza la kwake na kudai lile la kwanza ndilo bandia.

Baada ya hayo msomaji wa leo huamua kutoamini chochote, na hapo ndipo anapotegwa kwa upande wa pili. Tarehe 3 Machi 1876, katika wilaya ya Bath, Kentucky, mke wa mkulima alikuwa uani akipika sabuni, mbingu safi, vipande vya nyama vikaanza kumwangukia. Kinasikika kama kisa cha Stone. Lakini vipande vilikusanywa, wanaume wawili wakavionja (sijui waliamka na nini siku hiyo) na kusema ni kondoo au paa, na sampuli zikafika chini ya darubini, zikaonekana ni mapafu, misuli na gegedu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni tai wala mizoga: kundi lililoshiba likiruka juu sana, mmoja akitapika, wenzake humfuata. Kipande kimoja kimehifadhiwa ndani ya chupa katika Chuo Kikuu cha Transylvania, Lexington.

Kwa hiyo kipimo changu si ajabu ya habari. Natazama kwanza iko kwenye ukurasa upi. Kama iko upande uliokuja na treni, bila jina la kijiji, naipita. Kama iko kwenye zile kurasa mbili za mhariri mwenyewe, kati ya harusi ya binti wa mhunzi na bei ya mahindi, nasimama, kwa sababu huko kila msomaji angeweza kutembea hadi shambani akahakikishe, na mhariri angekutana naye Jumapili kanisani.

Ni kwenye kurasa hizo ambako magazeti ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1874 yaliandika kwamba nzige walifunika jua, wakala mahindi, kisha mipini ya majembe yenye jasho, kisha nguo kambani, na kwamba treni zilishindwa kupanda vilima kwa sababu reli zilikuwa na utelezi wa nzige waliopondwa. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Plattsmouth, Nebraska, Albert Child, alipima kundi lililopita kwa siku kadhaa juu ya mji wake, akauliza kwa simu za waya miji mingine, akapiga hesabu: maili za mraba 198,000. Ni pungufu kidogo tu ya Kenya nzima. Baada ya hapo nzige wale wakaanza kupungua, na wa mwisho kuonekana akiwa hai alikamatwa mwaka 1902. Aina nzima ilitoweka. Mabaki yao yamekutwa Montana na Wyoming, milimani, yameganda ndani ya barafu.